Saratani ya tezi dume: nikatwe, nipigwe mionzi au nisubiri?

"Daktari, nina miaka 64, mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Nilianza kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, na mkojo unatoka kwa kusuasua. Nikapima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikaja 11.8. Nikachukuliwa kinyama: kati ya vipande 12, vinne vimekutwa na saratani, Gleason 3+4=7. CT na skani ya mifupa hazikuonyesha kusambaa. Tezi ina gramu 58. Nina kisukari natumia vidonge, na presha kidogo. Daktari wa kwanza amesema nifanyiwe upasuaji wa kuondoa tezi yote. Wa pili amesema mionzi pamoja na sindano za homoni. Shemeji yangu ananiambia niuze kiwanja niende India kwenye roboti. Mdogo wangu ana mtu wake wa dawa za asili, na anasema kosa langu ni kukubali kukatwa kinyama, kwamba ugonjwa umechokozwa na sasa utasambaa. Mtaani nimeambiwa nitatolewa korodani. Mke wangu sijamwambia, anajua ni 'tezi' tu. Ipi itaniponya, na nina muda gani wa kuamua?"

Shikamoo Mwalimu. Umeandika vizuri kuliko barua nyingi za rufaa zinazofika mezani kwangu. Namba zote nilizokuwa nazihitaji zimo, kwa hiyo naweza kukujibu wewe mwenyewe.

Naanza na swali lako la mwisho maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Muda unao. Sisemi miaka ya kukaa kimya, nasema wiki kadhaa, hata miezi miwili mitatu, ya kuuliza, kupima na kuamua. Saratani yenye sura kama ya yako hukua polepole, na huenda ilikuwemo humo miaka mingi kabla ya hiyo PSA kupanda. Hata ungeniomba nikutoe tezi keshokutwa ningekataa. Baada ya kinyama kuchukuliwa, sehemu ile huwa imevimba na ina damu iliyoganda, na wengi wetu husubiri kama wiki sita itulie ndipo tuingize kisu. Atakayekwambia "amua leo au utakufa" anakuuzia kitu.

Jambo lingine ulijue kabla hatujaenda mbali: mimi ni daktari wa upasuaji. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wapasuaji tunaona kisu kila mahali kama wenzetu wa mionzi wanavyoona mashine yao kila mahali. Madaktari wako wawili hawapingani. Kila mmoja amekupa tiba anayoifahamu, na kwa ugonjwa ulipofikia, zote mbili ni tiba za kuponya.

Tuzisome namba zako pamoja. Tezi dume ikiwa nzima, chini ya hadubini inafanana na sega la nyuki: vishimo vingi vidogo, kila kimoja na kuta zake. Donald Gleason, daktari wa Marekani, miaka ya 1960 alipanga saratani hii kwa kuangalia sega limeharibika kiasi gani. Leo mtaalamu wa maabara akiandika 3, maana yake vishimo vimepinda ila bado vinajitenga. Akiandika 4, kuta zimebomoka na vishimo vimeungana. Akiandika 5, sega halipo tena. Namba ya kwanza ni ile sura iliyo nyingi zaidi kwenye kinyama chako. Kwa hiyo 3+4 yako inasema sehemu kubwa ni 3, na kiasi fulani cha 4. Najua umefundisha watoto miaka yote kwamba 3+4 na 4+3 ni kitu kimoja. Hadubini haikubali: 4+3 ni ugonjwa mkali zaidi, ingawa jumla ni saba ileile.

PSA chini ya 10 pamoja na Gleason 6 tunaiweka kwenye hatari ndogo, na mwenye hiyo mara nyingi tunamshauri asitibiwe kwanza, afuatiliwe tu kwa vipimo. Wewe una PSA iliyovuka 10 na una Gleason 7, alama mbili za hatari ya kati. Uko kwenye kundi la kati, upande wa juu kidogo. Ungekuwa na miaka 82 na moyo uliochoka, ningekwambia kaa, tufuatilie, kuna uwezekano mkubwa utaondoka duniani kwa jambo jingine. Kwa miaka 64, una mbele ya kutosha kwa ugonjwa huu kukufikia. Kusubiri tu sikushauri.

Sasa ya mdogo wako. Kinyama hakisambazi saratani hii. Najua hofu hiyo inatoka wapi: mtu anachukuliwa kinyama, wiki tatu baadaye anaona damu kwenye shahawa, rangi ya kahawia kama kutu, anasema tayari. Ile ni damu ya majeraha ya sindano na huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Wanaoonekana "walichokozwa" mara nyingi walikatwa kinyama ugonjwa ukiwa tayari mifupani. Na bila kinyama hakuna ambaye angejua hiyo PSA ni saratani, kwa sababu tezi iliyotanuka tu kwa umri huipandisha, maambukizi huipandisha, hata mpira wa mkojo huipandisha.

Korodani zako hazina kosa, ziache hapo zilipo. Chanzo cha maneno hayo ni kweli iliyohamishwa mahali pake. Mwaka 1941 Charles Huggins, akiwa Chicago, alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hutegemea homoni ya kiume, na ukiikata homoni hiyo saratani husinyaa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa hiyo mgonjwa ambaye saratani imeshafika mifupani tunaizima homoni yake, kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji mdogo wa kutoa korodani, unaofanyika mara moja na hauna gharama ya kurudiarudia. Kwa sababu wanaume wetu wengi huja wakiwa wamechelewa, mtaani wamewaona wengi waliotolewa, wakadhani ndiyo tiba ya kila mtu. Wewe hujafika huko.

Tuje kwenye uamuzi wenyewe. Uingereza walifanya jambo ambalo si rahisi kulifanya: wanaume 1,643 wa miaka 50 hadi 69, saratani zao zikiwa bado ndani ya tezi, walipangiwa tiba kwa kura. Wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa. Utafiti huo unaitwa ProtecT. Walioingia waligunduliwa kati ya 1999 na 2009, na mwaka 2023 yalitoka majibu ya miaka 15. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, yaani chini ya 3 katika kila 100, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi matatu. Tofauti ilionekana kwenye kusambaa: waliofuatiliwa tu, 9 hivi katika 100 walisambaa, waliokatwa na waliopigwa mionzi, kama 5 katika 100. Lazima nikuongezee mambo mawili. Wengi wao walikuwa na Gleason 6, nafuu kuliko yako. Na karibu wote walikuwa Wazungu, wakati ugonjwa huu huwa mzito zaidi kwa watu wenye asili yetu. Kwa hiyo usizichukue namba hizo kama ahadi. Chukua lile ambalo wataalamu wa pande zote mbili tunakubaliana: kwa saratani iliyo bado ndani ya tezi, kisu kizuri na mionzi mizuri hulingana katika kuokoa maisha.

Basi ukiuliza "ipi itaniponya", jibu ni yoyote kati ya hizo mbili ikifanywa vizuri. Panapotofautiana ni gharama utakayolipa mwilini, na hapo ndipo ningetaka utumie wiki zako.

Wagonjwa wangu huwa nawachorea chenza. Tezi imekaa chini ya kibofu, imezunguka njia ya mkojo kama chenza lililotobolewa katikati. Chini yake kuna msuli wa mviringo unaobana mkojo. Ubavuni, kulia na kushoto, zinapita neva za nguvu za kiume, nyembamba kama utando wa buibui, zimegandana na ganda. Nyuma, karibu kabisa, kuna utumbo wa haja kubwa. Tunapokata tunalitoa chenza zima pamoja na vifuko vya shahawa, kisha tunashona kibofu kwenye njia ya mkojo iliyobaki chini. Unatoka na mpira kwa wiki moja hadi mbili ili mshono upone. Ukitolewa mpira, utavuja. Karibu kila mtu huvuja mwanzoni: ukikohoa, ukiinuka kitini, ukibeba ndoo. Katika utafiti ule ule, miezi sita baada ya upasuaji, 46 katika 100 walikuwa wanavaa pedi. Kwa mionzi walikuwa 5. Baada ya miaka sita walikuwa 17 kwa upasuaji na 4 kwa mionzi. Wengi hukauka ndani ya mwaka, na mazoezi ya kubana misuli kama mtu anayezuia mkojo husaidia. Anza kuyafanya sasa, kabla ya kukatwa, wala hakuna atakayeona kwamba unayafanya.

Nguvu za kiume nitazisema wazi kwa sababu umezizunguka tu kwa kumtaja mkeo. Kabla ya tiba, 67 katika 100 ya wanaume wale walikuwa na nguvu za kutosha kwa tendo. Miezi sita baada ya upasuaji walibaki 12, baada ya mionzi 22. Miaka sita baadaye: upasuaji 17, mionzi 27, na waliofuatiliwa tu 30. Itazame hiyo ya mwisho: hata kundi la kufuatiliwa lilishuka, umri una mkono wake. Mbinu ya kulinda zile neva, iliyoanza na Patrick Walsh huko Baltimore mwaka 1982, husaidia pale saratani isipogusa ubavu wa tezi. Wewe kisukari kimeshatangulia kuzidhoofisha, kwa hiyo jiulize kwanza hali ikoje leo. Kama nguvu zimeshapungua sana, hoja hii isikuamulie mambo. Na hata baadaye kuna vidonge, kuna sindano ya kujichoma pale pale kwenye uume, kuna pampu. Raha ya kufika kileleni haiondoki. Shahawa tu ndizo hazitatoka tena.

Mionzi ni kinyume: hukukuta taratibu, na madhara yake nayo huja taratibu. Mionzi haiichomi saratani kama moto, ingawa watu hupenda kusema "kuunguzwa". Hukata vinasaba ndani ya seli, na seli ya saratani hufa pale inapojaribu kugawanyika ikashindwa. Ndiyo maana PSA hushuka kidogo kidogo kwa mwaka mmoja hata miwili, na njiani inaweza kupanda kidogo kisha ikashuka. Usikimbie kuandika wosia. Unalala mezani dakika chache, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki nne hadi nane kutegemea mpango wa kituo. Huhisi kitu. Taabu ipo kwenye korido: ukipita asubuhi utawakuta wazee wamekaa na chupa za maji za nusu lita, kila mmoja anatazama saa. Wameambiwa wanywe, wabane, wasiende haja mpaka waitwe, kwa sababu kibofu kikijaa huusogeza utumbo mbali na mionzi. Sasa fikiria wewe unayeamka mara nne usiku. Mionzi huvimbisha tezi kwa wiki kadhaa, na tezi ya gramu 58 iliyoshaanza kuubana mkojo inaweza kuuziba kabisa ukaishia kuwekewa mpira. Baadaye, kwa baadhi ya watu, huja damu kwenye haja kubwa au kwenda haja kwa haraka isiyosubiri.

Na kwa kundi lako, mionzi peke yake haitoshi. Huongezwa sindano za kuzima homoni kwa miezi minne hadi sita. Hizo huleta joto la ghafla, jasho la usiku, hamu kuzimika kwa muda, kitambi, na sukari kupanda. Kwa mwenye kisukari hilo nalitaja kwa herufi kubwa. Kabla ya sindano ya kwanza pima HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, na daktari wako wa kisukari ajue.

Kuna hoja moja wapasuaji tunapenda kuitumia: ukikatwa kwanza, PSA ikirudi baadaye unaweza kupigwa mionzi, ukianza na mionzi, kukata baadaye ni kugumu na madhara ni mengi. Ni kweli. Ila huwa tunaivuta kupita kiasi, kwa sababu mionzi ya kisasa ikifanywa vizuri wengi hawahitaji nafasi ya pili.

Ungekuwa umekaa mbele yangu ungeniuliza, "daktari, wewe ungechagua ipi?" Kwa mkojo wako unavyobana, ukubwa wa tezi na umri wako, naegemea upasuaji kidogo, endapo moyo na sukari vitakubali usingizi wa upasuaji, na endapo utampata mpasuaji anayefanya kazi hii mara kwa mara. Moyo ukikataa, au kama wewe ni mtu ambaye kuvuja mkojo kutakuvunja kuliko kitu chochote, nenda kwenye mionzi bila kujiona umechagua cha pili. Wakati huo mkojo wako utibiwe kwanza, kwa dawa au kwa kukwangua tezi, ndipo mashine ianze. Egemeo langu lisikufunge. Nimesoma barua yako tu, sijakugusa.

Anayefanya ni muhimu kuliko anachofanyia. Muulize mpasuaji bila aibu: kwa mwaka unatoa tezi ngapi za saratani? Katika wagonjwa wako, wangapi bado wanavaa pampasi baada ya mwaka? Anayejibu kwa namba ni mtu wa kukaa naye. Anayekasirika, aga. Kwa mionzi, uliza kama mashine yao inaweza kuzungusha na kuchonga mionzi kufuata umbo la tezi, na huwa inakaa siku ngapi ikiharibika, maana kukatiza dozi katikati ni hasara. Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam na Bugando kule Mwanza wanatoa mionzi. KCMC ya Moshi ina jina la siku nyingi katika upasuaji wa mfumo wa mkojo, na Muhimbili nao wapo. Kutoka Morogoro ukichagua mionzi itabidi uhamie Dar kwa muda wote huo, basi fikiria mapema utafikia kwa nani. Bima yako ya wastaafu, omba kibali kabla ya tarehe kupangwa, usisubiri dirishani.

Kiwanja kisiuzwe kwanza. Roboti ni mkono wa mpasuaji tu. Huko Brisbane, Australia, walilinganisha kwa kura roboti na kisu cha kawaida, na baada ya miaka miwili mkojo na nguvu za kiume vilikuwa sawa pande zote mbili. Roboti hupunguza damu na siku za kulala wodini, hilo nalikubali. Lakini siku mshono utakapokaza njia ya mkojo, mwezi wa tatu, saa nane usiku, daktari wa India atakuwa mbali. Ukiwa na uwezo usioyumbisha familia, nenda. Kuuza kiwanja kwa ajili ya mashine, hapana.

Dawa za asili sizidharau, nimekulia nazo. Miaka kadhaa iliyopita alikuja fundi seremala mmoja, saratani yake ikiwa mahali ilipo yako. Akaaga akajaribu kwanza mizizi. Alirudi baada ya miaka minne amebebwa na wanawe kwenye godoro, miguu haisogei, saratani imeubana uti wa mgongo. Tulizima homoni, maumivu yakaisha ndani ya wiki. Miguu haikurudi. Ukitaka kunywa kitu kwa ajili ya moyo wako kutulia, mtajie daktari jina lake, kwa sababu vingine vinagonga figo na vingine vinaongeza kutoka damu. Ila tarehe ya tiba isisogezwe kwa ajili yake.

Kabla hujaamua, omba kinyama chako kisomwe na mtaalamu wa pili wa maabara. Vile vioo na vipande vilivyogandishwa kwenye nta ni haki yako kuviomba. Akisema 4+3 badala ya 3+4, mengi niliyoandika hapa yanabadilika. Na usisubiri miadi ukipata mojawapo ya haya: mkojo kukatika kabisa, homa na kutetemeka siku chache baada ya kipimo, maumivu mapya ya mgongo yasiyokuachia usiku, miguu kuwa mizito au ganzi. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Idi au Krismasi. Mdogo wako naye, badala ya kukutafutia mganga, apime PSA. Ndugu wa damu wa mwenye saratani hii wako kwenye hatari kubwa zaidi, na wanao wa kiume waanze wakifika miaka 40 hadi 45.

Amebaki mama watoto. Mtu anayelala kitanda kimoja nawe ameshahesabu mara unazoamka, na kimya chako ameshakitafsiri kwa namna yake, huenda mbaya kuliko ukweli. Pedi zitakazokauka kambani ataziona, sindano za homoni zikikunyima hamu atajiuliza kama kosa ni lake. Mwambie wiki hii. Siku ya kliniki nenda naye, mkae viti viwili mbele ya daktari, na karatasi ya maswali ashike yeye, kwa sababu wewe ukiingia mle ndani utasahau nusu.